Jina lenye ritifaa halipaswi kuangusha kanzidata

Murang'a, Chang'ombe, Ng'ambo, Nyang'hwale, Ng'ang'a. Afrika Mashariki imejaa majina ya watu na ya mahali yenye ritifaa, ile alama ndogo inayofuata herufi ng. Anayesoma Kiswahili haoni ajabu yoyote hapo. Lakini kwa programu ya kompyuta iliyoandikwa bila uangalifu, alama hiyo moja inatosha kusimamisha kazi. Ukurasa unatoa ujumbe wa kosa, au mteja anaambiwa jina lake si sahihi na aliandike upya bila ritifaa.

Wengi hulichukulia jambo hilo kuwa usumbufu mdogo. Wanaandika Nganga, wanabonyeza na kuendelea na shughuli zao. Kumbe ujumbe ule wa kosa mara nyingi ni dalili ya ufa katika mfumo wenyewe, na mlango uleule uliomkwamisha mwenye jina halali ndio mdukuzi anaoutafuta. Dawa ya ufa huo ipo, ni ya siku nyingi, haina bei wala haihitaji mtambo mpya. Ni kauli iliyoandaliwa: njia ya kuipa kanzidata amri yake kwanza, kisha kuipelekea data peke yake. Kila taasisi inayotunza taarifa za watu inapaswa kuitumia, na makala haya yanaeleza sababu.

Kanzidata inavyosoma amri

Mwaka 1970 Edgar Codd, mtaalamu wa hisabati aliyekuwa akifanya kazi IBM huko San Jose, California, alichapisha pendekezo la kupanga data katika majedwali yanayohusiana. Miaka minne baadaye wenzake wawili wa IBM, Donald Chamberlin na Raymond Boyce, walieleza lugha ya kuyauliza majedwali hayo maswali. Lugha hiyo ndiyo iliyokuja kuitwa SQL, na leo ndiyo inayozungumzwa na MySQL, PostgreSQL, Oracle, SQL Server na SQLite. Mtu anapotazama salio, anapolipa ada ya shule au anapofunguliwa faili hospitalini, kwa kawaida kuna sentensi ya SQL inayofanya kazi nyuma ya pazia.

Sentensi hiyo si ngumu kuielewa. Karani akitaka simu ya mteja anayeitwa Juma, programu hutuma hivi:

SELECT simu FROM wateja WHERE jina = 'Juma'

Yaani: niletee simu kutoka jedwali la wateja, pale ambapo jina ni Juma. Alama mbili zilizolizunguka jina zina kazi moja tu, kuonyesha data inaanzia wapi na inaishia wapi. Kilicho nje ya alama hizo ni amri. Na alama yenyewe, kwenye kibodi, ni ileile ritifaa tunayoiandika katika Murang'a.

Mwandishi wa programu aliyefundishwa vibaya huiunda sentensi hii kwa kuunga vipande: mwanzo wa amri, kisha chochote alichoandika mtumiaji, kisha alama ya kufunga. Kwa Juma mambo yanakwenda sawa. Akija Ng'ang'a, kanzidata inapokea hivi:

SELECT simu FROM wateja WHERE jina = 'Ng'ang'a'

Inaona alama ya kufungua, inasoma Ng, inakuta alama nyingine na kuamini kwamba jina limeishia hapo. Kinachofuata, yaani "ang", inakichukulia kuwa sehemu ya amri, na amri ya namna hiyo haiijui. PostgreSQL itajibu kwamba kuna kosa la sarufi karibu na "ang", na kazi itaishia hapo.

Ng'ang'a hakukusudia lolote. Tatizo ni kwamba kipande cha jina lake kimesomwa kama amri. Sasa fikiria mtu anayekusudia. Kwenye kisanduku cha jina anaandika alama chache tu:

' OR 1=1 --

Sentensi iliyoungwa kwa vipande inageuka kuwa:

SELECT simu FROM wateja WHERE jina = '' OR 1=1 -- '

Ritifaa ya kwanza imelifunga jina likiwa tupu. Kisha limeongezwa sharti jingine: au moja iwe sawa na moja, jambo ambalo ni kweli kwa kila mstari wa jedwali. Vistari viwili vya mwisho vinaiambia kanzidata ipuuze kilichobaki. Badala ya simu ya mtu mmoja, zinarudi simu za wateja wote. Sentensi ingekuwa ya kukagua nywila, mtu huyo angeweza kuingia bila kuijua nywila ya yeyote. Kwa kubadili maneno machache anaweza kusoma majedwali mengine, kubadilisha salio au kufuta kumbukumbu, ikitegemea programu ile imepewa ruhusa kiasi gani. Huu ndio uchomekaji wa amri za SQL.

Hasara ya miaka zaidi ya 25

Mbinu hii ilielezwa hadharani Desemba 1998 katika toleo la 54 la Phrack, jarida la wadukuzi, na mtafiti Jeff Forristal aliyekuwa akiandika kwa jina la Rain Forest Puppy. Tangu wakati huo hakuna anayeweza kudai kwamba ni siri. Hata hivyo orodha ya OWASP, jumuiya inayofuatilia udhaifu wa programu za wavuti, iliweka uchomekaji wa amri katika nafasi ya kwanza mwaka 2010, 2013 na 2017, na hata mwaka 2021 uliposhuka ulikuwa bado wa tatu.

Huko Marekani, kampuni ya kuchakata malipo ya Heartland Payment Systems ilitangaza Januari 2009 kwamba mfumo wake umeingiliwa. Waendesha mashtaka walitaja namba za kadi zaidi ya milioni 130, na njia ya kuingilia ilikuwa uchomekaji wa amri za SQL. Albert Gonzalez, aliyeongoza wizi huo na mwingine wa aina hiyo, alihukumiwa kifungo cha miaka 20 Machi 2010.

Kisa cha TalkTalk, kampuni ya simu na intaneti ya Uingereza, kina funzo zaidi kwa sababu mdhibiti wa data wa nchi hiyo alieleza wazi kilichotokea. Mwaka 2009 TalkTalk ilinunua shughuli za kampuni ya Tiscali nchini humo, na ndani ya mzigo huo zikaja kurasa tatu za wavuti zilizounganishwa na kanzidata ya wateja. Kurasa hizo zilibaki hewani bila kukaguliwa. Programu ya kanzidata ilikuwa imepitwa na wakati, na kiraka cha kuziba kasoro yake kilikuwa kimeshatolewa zaidi ya miaka mitatu kabla. Julai 17, 2015 kurasa hizo zilishambuliwa kwa uchomekaji wa SQL, na mwanzoni mwa Septemba zikashambuliwa tena. Hakuna aliyeshtuka. Oktoba mshambuliaji alichukua taarifa za wateja 156,959, na kwa wateja 15,656 kati yao alipata pia namba za akaunti za benki. Mwaka uliofuata kampuni ilitozwa faini ya pauni 400,000. Mdhibiti hakulaumu ujanja wa mshambuliaji. Alilaumu kampuni kwa kushindwa kuchukua hatua za msingi dhidi ya shambulio linalojulikana, ambalo kinga yake nayo inajulikana.

Mwishoni mwa Mei 2023 ikawa zamu ya MOVEit Transfer, programu ya kampuni ya Progress Software inayotumiwa na taasisi nyingi kuhamisha mafaili. Kundi la wadukuzi la Cl0p lilitumia ufa wa uchomekaji wa SQL kuingia kwa wateja wa programu hiyo. BBC na British Airways zilijikuta miongoni mwa walioathirika ingawa hazikufanya kosa lolote, kwa kuwa kampuni iliyokuwa ikishughulikia mishahara ya wafanyakazi wao ndiyo iliyoitumia programu hiyo. Machi 2024 FBI na CISA, wakala wa Marekani wa usalama wa mtandao, walitoa tamko la pamoja wakiwataka viongozi wa kampuni za programu kuhakikisha kasoro ya aina hii inatoweka kabisa kwenye bidhaa zao. Silaha waliyoitaja mbele ya nyingine ni maswali yenye parameta, yaani nafasi za kujaziwa thamani, na kauli zilizoandaliwa.

Amri kwanza, data baadaye

Fikiria hati ya kuweka fedha benki. Maneno yake yamechapwa kiwandani, na mteja anajaza visanduku tu. Ukiandika kwenye kisanduku cha jina "mlipe huyu milioni kumi", keshia hatalipa chochote. Atadhani mteja ana jina la ajabu. Kauli iliyoandaliwa inafanya hivyo hasa. Programu hutuma kwanza sentensi yenye nafasi iliyo wazi:

SELECT simu FROM wateja WHERE jina = ?

MySQL na SQLite hutumia alama ya kuuliza. PostgreSQL huandika $1, na Oracle huweka nukta mbili na jina, kama :jina. Kanzidata ikipokea sentensi hiyo inaichambua sarufi, inahakikisha jedwali la wateja lipo pamoja na safu za jina na simu, kisha inaelewa kwamba pale penye alama itakuja thamani moja. Umbo la amri linakuwa limekamilika kabla mtumiaji hajatia neno lake hata moja. MySQL hurudisha namba ya utambulisho wa kauli hiyo, ili programu iitumie kila inapoihitaji.

Baadaye unakuja ujumbe wa pili: tekeleza kauli yenye namba hii, thamani ni hii hapa. Ufundi wenyewe umo humu. Thamani inatanguliwa na urefu wake. Kwa Ng'ang'a ujumbe unasema baiti 8, kisha zinafuata baiti zenyewe: herufi sita na ritifaa mbili. Seva haina sababu ya kutafuta alama ya kufunga. Inahesabu nane na kusimama, na ritifaa zilizomo ndani zinapita kama zinavyopita herufi nyingine. PostgreSQL nayo ina ujumbe mmoja wa kuchambua, mwingine wa kufungamanisha thamani na wa tatu wa kutekeleza, na kila thamani husafiri na urefu wake.

Mdukuzi akileta ' OR 1=1 -- seva inahesabu baiti zake zote, halafu inakwenda kutafuta mteja ambaye jina lake ni alama hizo zote, pamoja na vistari. Hayupo. Linarudi jibu tupu. Hakuna kilichochujwa wala kilichokatazwa, ila maandishi yake hayana tena njia ya kufika kwenye amri.

Ndiyo maana kuchuja ritifaa si kinga ya kutegemea. Taasisi inayokataa alama hiyo inamwadhibu mwenye jina halali, ambaye kesho atapeleka kitambulisho kinachosema Ng'ang'a mahali ambapo akaunti inasema Nganga, ajikute akidaiwa hati ya kiapo. Wakati huohuo mshambuliaji anabaki na njia nyingine. Safu ya namba haizungushiwi alama yoyote, kwa hiyo sentensi iliyoungwa kwa vipande, inayoishia na namba = 5, inaweza kuongezewa OR 1=1 bila ritifaa hata moja. Kauli iliyoandaliwa inalinda sehemu zote mbili, na jina la mtu linabaki kama alivyopewa na wazazi wake.

Ilianza kama njia ya kwenda kasi

Mpango huu haukubuniwa kwa ajili ya kuwazuia wadukuzi. Katika miaka ya 1970 IBM ilikuwa ikijenga System R, kanzidata ya majaribio iliyothibitisha kwamba wazo la Codd linaweza kufanya kazi kwa kasi ya kutosha. Wahandisi wake waliona hasara ya kuichambua upya sentensi ileile kila inapoitwa, basi wakaitafsiri mara moja, wakahifadhi matokeo na kuyatumia tena na tena, huku thamani zikiletwa kutoka kwenye programu wakati wa utekelezaji. Mwaka 1979 Patricia Selinger na wenzake walieleza namna kanzidata inavyopima gharama za njia mbalimbali za kuifikia data na kuchagua iliyo nafuu. Upimaji huo una kazi yake, na kauli iliyoandaliwa inaweza kuuepusha usirudiwe bila sababu.

Faida hiyo ipo hadi leo. Chukua SACCOS inayoingiza makato ya mishahara ya wanachama 20,000 kila mwisho wa mwezi. Kwa sentensi za kuungwa, kanzidata inasoma sentensi 20,000 zinazotofautiana kwa jina na kiasi tu. Kwa kauli iliyoandaliwa inasoma moja, kisha inapokea jozi 20,000 za jina na kiasi. Wasimamizi wa Oracle wanalijua vizuri tatizo hili, kwa sababu sentensi zenye thamani ndani yake hujaa kwenye kumbukumbu ya pamoja ya seva, kila moja ikihesabiwa kuwa mpya, hadi mfumo mzima unapungua kasi.

Kasi hiyo ina masharti yake. Jedwali ambalo wateja tisa kati ya kila kumi wanatoka mkoa mmoja halina njia moja iliyo bora kwa kila swali. Kwa mkoa wenye wateja wachache inafaa kupitia faharasa, na kwa ule mkubwa inafaa kusoma jedwali lote. PostgreSQL hulitatua hilo kwa kupanga upya katika utekelezaji mara tano za mwanzo, ikiangalia thamani halisi, ndipo inapolinganisha gharama na mpango mmoja wa jumla na kuamua kama utatosha. Kuanzia toleo la 12 msimamizi anaweza kuichagulia mwenyewe. Vilevile kauli iliyoandaliwa huishi ndani ya muunganisho ulioiandaa. Muunganisho ukikatika, kauli nayo inapotea. Na swali linaloulizwa mara moja tu halipati kasi yoyote, kwa kuwa safari ya kwenda na kurudi kwenye seva inaweza kuongezeka. Hata hapo naitetea kauli iliyoandaliwa, kwa sababu usalama wake hautegemei idadi ya marudio.

Isipofika

Kuna mambo ambayo kauli iliyoandaliwa haiwezi, na anayeitumia anapaswa kuyajua. Nafasi iliyo wazi hupokea thamani tu. Haiwezi kupokea jina la jedwali, jina la safu, wala neno la kuamua kama orodha ipangwe kwa kupanda au kushuka. Mtumiaji akiruhusiwa kuchagua hayo, programu iwe na orodha fupi ya majina yanayokubalika na ichague humo. Orodha ya thamani nyingi nayo kwa kawaida inahitaji nafasi nyingi, moja kwa kila thamani. Katika utafutaji wa LIKE, alama ya asilimia na kistari cha chini bado zina maana maalumu hata zikija kama data.

Kosa baya zaidi ni kuunga vipande kwanza na kuandaa baadaye. Ukilichomeka jina la mtumiaji ndani ya sentensi halafu ukaiita sentensi hiyo imeandaliwa, umeandaa shambulio. Hali ni hiyo pia kwa taratibu zilizohifadhiwa ndani ya kanzidata ikiwa zenyewe zinaunga maandishi ndani kwa ndani. Na data iliyoingizwa salama leo inaweza kudhuru kesho, pale ripoti ya mwezi inapoichukua kutoka kwenye jedwali na kuiunga kwenye sentensi nyingine. Wanaotumia PHP na MySQL kupitia PDO wajue pia kwamba maktaba hiyo, isiporekebishwa, huigiza tu uandaaji: inazipachika thamani ndani ya sentensi yenyewe kabla ya kuituma. Ni vyema uigizaji huo uzimwe.

Mbona basi sentensi za kuungwa zimedumu? Chombo hakikukosekana. Java ilikuwa na PreparedStatement katika toleo la 1.1 la Februari 1997, karibu miaka miwili kabla ya makala ya Phrack. Lakini wavuti ilijengwa kwa kiasi kikubwa na PHP na MySQL, na MySQL haikuwa na kauli zilizoandaliwa upande wa seva hadi toleo la 4.1 mwaka 2004. Maktaba ya zamani ya kuunganisha PHP na MySQL haikuziwezesha kamwe, na iliondolewa rasmi PHP 7 ilipotoka Desemba 2015. Katikati hapo vizazi vya wanafunzi vilijifunza kwa mifano ya kuunga vipande, na mifano hiyo ikawa mifumo inayotumika kazini.

Wajibu wa leo

Kenya ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ni ya mwaka 2022, na ilianza kutumika Mei 1, 2023. Zote zinamtaka anayekusanya taarifa za watu achukue hatua za kuzilinda. Kinga isiyo na gharama, iliyomo ndani ya kila kanzidata kubwa na karibu kila lugha ya programu inayotumika leo, ni vigumu kueleza mbele ya tume au mahakama kwa nini haikutumika.

Mkurugenzi hahitaji kuijua SQL ili awajibike. Aulize maswali matatu. Je, kila kinachoandikwa na mtumiaji kinaifikia kanzidata kwa njia ya parameta? Je, akaunti ambayo programu inaitumia kuingia kwenye kanzidata ina ruhusa za lazima tu, au inaweza hata kufuta majedwali? Je, kuna kurasa za zamani, za mradi uliokufa au kampuni iliyonunuliwa, ambazo bado zinaigusa data ya wateja? Swali la tatu ndilo ambalo TalkTalk haikujiuliza.

Walimu wa vyuo wana wajibu mkubwa zaidi, maana tabia ya mwandishi wa programu hujengwa na mfano wa kwanza anaouona. Mwanafunzi anapofundishwa SELECT, afundishwe siku hiyohiyo na alama ya kuuliza, asiwahi kuona sentensi ya kuungwa ila kama mfano wa kosa.

Na wewe unayeandika mifumo, Jumatatu fungua msimbo wako utafute kila mahali ambapo SQL inaunganishwa na kitu kingine kwa alama ya kujumlisha au kwa nukta. Anza na ukurasa wa kuingia, kisha wa malipo, kisha wa utafutaji. Usiache ripoti za ndani zinazotumiwa na wafanyakazi peke yao, kwa sababu nazo husoma kilichoandikwa na watu wa nje. Rekebisha moja moja hadi zote ziishe, halafu mwombe mwenzako akukague.